Shajara ya mradi: klabu ya sekondari na kituo cha mbwa na paka, Wakiso, Uganda

Februari, muhula wa kwanza: nani afanye nini

Kituo kina mbwa wapatao 40, paka wachache, wafanyakazi wa kulipwa wasiotosha kazi yote, na daktari wa mifugo anayekuja kwa zamu. Klabu ina wanafunzi wa S2 hadi S5 (kidato cha pili hadi cha tano), wengi wao wa bweni, kwa hiyo hutoka Jumamosi tu, na mwalimu mlezi.

Ombi la kwanza la wanafunzi ni kubeba watoto wa mbwa na kupiga nao picha. Ombi la kwanza la kituo ni jingine kabisa: matandiko yafuliwe, vibanda visuguliwe, unga upangwe juu ya vichaga, kadi za wanyama ziandikwe. Mradi umeandikwa kwa kufuata ombi la pili. Mbwa anayeshikwashikwa na wageni 20 ndani ya saa moja hafaidiki na lolote, ila akilala pakavu anafaidika usiku kucha. Kwa hiyo kazi zimegawanywa mafungu mawili, za kugusa wanyama na zisizogusa, na zisizogusa ndizo nyingi.

Mgawanyo huo umemaliza pia suala lililokuwa likirudi kila kikao. Wanafunzi Waislamu wengi ni wafuasi wa madhehebu ya Shafi, ambamo mate ya mbwa ni najisi nzito inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Hakuna sababu ya kumsukuma mtu huko. Upande wa paka hauna tatizo hilo, na ushonaji, mizani ya unga, kadi na picha vinahitaji mikono mingi kuliko vibanda.

Fomu ya mzazi ni lazima kwa kila aliye chini ya miaka 18. Inauliza kama mtoto ana pumu au mzio, kama chanjo yake ya pepopunda bado ina nguvu, na kama mzazi anaridhia kazi za kugusa wanyama au zisizogusa tu. Swali la tatu lisipokuwepo, mzazi huandika ndiyo bila kujua ameridhia nini.

Kisha kichaa cha mbwa, ambacho hakina mzaha. Ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na 99% ya maambukizi hutoka kwa mbwa. Dalili zikishamtokea mtu, hakuna tiba ya kutegemea. Anayefanya kazi na mbwa wageni mara kwa mara anapaswa kuchanjwa kabla, sindano mbili, siku ya 0 na siku ya 7, lakini familia nyingi hazimudu gharama hiyo. Kwa sababu hiyo wanafunzi hawaingii kabisa sehemu ya karantini, ambako kila mnyama mpya hukaa siku 14, na hawamgusi mbwa aliyefikia umri wa chanjo ambaye kadi yake haina tarehe ya chanjo.

Akitokea wa kung'atwa au hata kukwaruzwa na jino: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa saa ya mkononi, si kwa kukisia. Dakika 15 ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, na wengi huacha baada ya dakika mbili. Halafu hospitali siku hiyohiyo. Mbwa hauawi. Anatengwa na kuangaliwa siku 10, kwa kuwa mbwa anayetoa virusi kwenye mate yake huugua na kufa ndani ya muda huo. Akibaki mzima, hakuwa akiambukiza siku aliyong'ata. Lakini sindano za aliyeumwa hazisubiri siku hizo ziishe.

Machi: usafi wa vibanda

Adui mkuu hapa ni parvo, ugonjwa wa kuharisha unaoua watoto wa mbwa. Kirusi chake hukaa kwenye udongo na nyufa za sakafu miezi mingi, hata mwaka na zaidi, na sabuni peke yake haikiui. Dettol nayo haikiui, ingawa harufu yake huwafanya watu waamini kibanda kimetakata. Upande wa paka Dettol haiingii kabisa, wala dawa za sakafu zenye harufu ya msonobari. Ini la paka halimudu kuvunja kemikali za jamii ya fenoli, na paka akikanyaga sakafu yenye dawa hiyo atailamba tu miguuni.

Kinachoua parvo ni klorini, yaani Jik ya kawaida, ikitumiwa sawasawa. Soma kwanza kibandiko. Jik ya 3.5% huchanganywa sehemu moja kwa 19 za maji: nusu lita ya Jik kwenye ndoo, kisha maji hadi kwenye alama ya lita 10. Hapo nguvu yake ni karibu 0.175%. Alama ya lita 10 imechorwa kwa rangi ya mafuta kwenye kila ndoo, maana kumwaga kwa makadirio huishia pabaya. Ikizidi inachoma nyayo na kukohoza watu, ikipungua inabaki harufu tu. Mchanganyiko hutengenezwa asubuhi na kumwagwa jioni. Ule wa jana umeshapoteza nguvu, hasa ukiachwa juani.

Hatua ambayo vijana huiruka ni ya kwanza. Jik ikikutana na kinyesi, mate au mabaki ya posho, yaani ugali, nguvu yake huishia kwenye uchafu huo kabla ya kufika kwa kirusi. Kwa hiyo: mnyama anatolewa, kinyesi kinazolewa, sakafu na kuta hadi usawa wa goti zinasuguliwa kwa sabuni ya unga na brashi ngumu, zinasuuzwa mpaka povu liishe, na maji yanasukumwa nje. Ndipo Jik inamwagwa, na sakafu inabaki imelowa dakika 10 kamili. Inasuuzwa tena, inaachwa ikauke, na mnyama anarudi sakafu ikiwa kavu. Kibanda cha mita 2 kwa 1.5 hula jerikani moja ya lita 20 kwa mzunguko wote, ikiwa maji hayamwagwi ovyo. Siku ambayo bomba limekatika ni bora vibanda vichache vifanywe vizuri kuliko vyote kulowanishwa tu.

Mkojo usuuzwe kabla Jik haijaingia. Mkojo uliolala una amonia, na amonia na Jik hutoa gesi inayowasha macho na kubana kifua. Dawa ya choo yenye tindikali ikichanganywa na Jik hutoa gesi mbaya zaidi, na ndiyo maana haihifadhiwi kwenye stoo moja na Jik.

Mpangilio wa kuingia haubadiliki: watoto wa mbwa na wa paka kwanza, kisha wakubwa wazima, kisha wenye kikohozi au upele, na wafanyakazi wa kituo humalizia karantini wenyewe. Ukianza kwa wagonjwa, brashi na gambuti zako ndizo zitakazopeleka ugonjwa kwa wachanga. Vifaa vya wagonjwa vimefungwa utepe mwekundu. Beseni la kukanyagia dawa mlangoni limeondolewa, kwa kuwa baada ya watu kadhaa huwa maji ya tope yenye harufu ya Jik. Gambuti za kubadili zinafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Ndala haziruhusiwi hata kama jua ni kali. Viluwiluwi vya safura ya mbwa hupenya ngozi ya mguu na kuacha michirizi inayowasha kwa wiki nyingi. Kinyesi huzolewa kila siku, na sababu yake si harufu peke yake. Mayai ya minyoo mviringo hayaambukizi yakiwa mabichi, yanahitaji kama wiki mbili au zaidi kukomaa ardhini, kwa hiyo kinachozolewa leo hakimfikii mtu wala mbwa. Kinafukiwa kwenye shimo mbali na kisima, hakitiwi kwenye bustani ya mboga.

Aprili: jiko

Hii ndiyo kazi iliyotufunza zaidi hesabu.

Mbwa mzima wa kienyeji wa kilo 15, asiyenyonyesha, anahitaji kati ya kilokalori 800 na 900 kwa siku. Gramu 170 za unga wa mahindi na gramu 70 za mukene mkavu, yaani dagaa wa ziwani, hufika hapo. Kwa mbwa 40 wa kiasi hicho ni kilo 6.8 za unga, kilo 2.8 za mukene na kama lita 20 za maji, kwa sababu posho ya mbwa hupikwa laini kuliko ya watu, lita tatu kwa kilo. Chumvi haitiwi. Dodo, yaani mchicha, au boga kidogo linafaa. Jike anayenyonyesha hupewa mara mbili ya kiasi hicho au zaidi kulingana na idadi ya watoto, na hesabu yake huandikwa mlangoni pa kibanda chake.

Mukene wa bei nafuu ni ule ulioanikwa juu ya mchanga, na mchanga huo husaga meno na kukwaruza tumbo. Loweka dakika chache kwenye beseni pana, kisha mtoe mukene kwa mikono kutoka juu. Ukimimina maji pamoja naye, mchanga unarudi naye. Rudia mpaka kitako cha beseni kionekane safi. Apikwe mzima na mifupa yake, kwa kuwa mifupa hiyo ndiyo kalsiamu yao. Kituo kinacholisha posho na utumbo pekee hupata watoto wa mbwa wenye miguu iliyopinda.

Suala la unga wa bure lilizua mjadala mrefu. Viwanda vya kusaga, Kisenyi mjini Kampala na kwingineko, huwa na unga uliofagiwa sakafuni na mahindi yaliyolowa, na wenye mali huvitoa kwa moyo mweupe: "ni ya mbwa tu." Jibu letu ni hapana. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu zaidi ya 13.5% huota kuvu, kuvu huzalisha sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 nchini Kenya iliua watu 125 kati ya 317 waliougua, na ini la mbwa ni dhaifu mbele yake kuliko la mtu. Mbwa huanza kukataa chakula, macho na fizi hugeuka manjano, hutapika, na mara nyingi hapo huwa kumechelewa. Kwa hiyo unga wa msaada unakubaliwa ukiwa kwenye gunia lililoshonwa, mkavu, usio na harufu ya chumba kilichofungwa, nao hukaa juu ya kichaga, mbali na ukuta kwa upana wa kiganja. Ukifika umeganda mabonge hauchekechwi, unarudishwa.

Mabaki ya jikoni shuleni nayo yalionekana neema. Posho tupu ni neema kweli. Maharagwe siyo, maana huungwa kwa vitunguu, na kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu za mbwa na za paka. Sasa kuna ndoo yenye mfuniko inayowekwa kabla ya mstari wa mchuzi, na posho pekee ndiyo huingia. Isiyofika kituoni alasiri hiyohiyo hutupwa, kwa kuwa posho ya moto ndani ya ndoo iliyofungwa huchacha upesi kwenye joto letu.

Paka hawalishwi posho. Wanahitaji taurini, kirutubisho ambacho mahindi hayana hata chembe, na paka anayeikosa kwa muda mrefu hupofuka na moyo wake hulegea. Fungu lao ni mukene na moyo wa ng'ombe uliochemshwa kidogo, na supu yake haimwagwi kwa kuwa taurini nyingi huyeyukia humo. Maziwa ya ng'ombe kwa watoto wa paka ni kuharisha, basi.

Kila mbwa na bakuli lake. Sinia moja la wote humnenepesha mmoja na kuwakondesha watatu, na ndipo mapigano yanapoanzia.

Juni, muhula wa pili: vitanda vya tairi

Mbwa akilala kwenye saruji hupata sugu za viwiko na hushika baridi msimu wa mvua. Vitanda vya mbao vilikataliwa tangu mwanzo, kwa sababu mbao hunywa mkojo na haiwezi kusafishwa parvo ikatoka. Tairi kuukuu la gari dogo linaoshwa kwa Jik bila kuharibika, na mafundi wa pancha hulitoa bure au kwa bei ya soda.

Saizi inayofaa ni 195/65R15, yenye kipenyo cha nje cha sentimita 63 hivi, inayomtosha mbwa wa kilo 12 hadi 18. Kabla ya kuondoka nalo, pitisha kitambaa ndani na nje. Kikinasa, kuna waya uliotokeza na tairi hilo liachwe. Tairi la lori halichukuliwi hata kidogo, kwa sababu ubavu wake una nyuzi za chuma. Katika tairi la gari dogo, chuma kiko chini ya kashata za kukanyagia na kwenye ukingo unaoshika rimu. Ubavu wenyewe kwa kawaida ni mpira na nyuzi za kitambaa, na hapo ndipo kisu hupita.

Mkataji ni mtu mzima, au mwanafunzi mkubwa aliyevaa glavu za ngozi na kusimamiwa. Chora duara kwa chaki katikati ya ubavu wa juu. Toboa kwa ncha, kisha vuta kisu kwa mikato mifupi, ukilowesha blade kwa maji ya sabuni ili isishikwe na mpira. Mkato ukisogea karibu na kashata, utagusa mkanda wa chuma na blade itakwama. Ukikwama hapo usilazimishe, rudi ndani. Duara likitoka, kingo hulainishwa kwa tupa au msasa.

Ubavu wa chini unabaki, na tundu lake la katikati, sentimita 38, hufumwa. Toboa matundu ya milimita 8 kuzunguka ubavu, kila baada ya sentimita 5. Kata mipira ya ndani ya baiskeli au boda iwe mikanda ya upana wa sentimita 4, ipitishe kwa kuvuka huku na huku, na kaza kila mkanda kabla ya kufunga fundo upande wa chini. Mikanda iliyolegea hubonyea hadi sakafuni ndani ya wiki chache. Kisha matundu manne ya milimita 10 pale ubavu ulipojikunja chini kabisa, kwa maana maji hukaa humo, na maji yaliyotuama ni kitalu cha mbu. Kitanda huwekwa juu ya matofali mawili.

Mto hushonwa kwa gunia la nailoni lililokatwa duara. Gunia hilo hufumuka, na vipande vyake virefu mbwa huvimeza, kwa hiyo ukingo hukunjwa mara mbili kabla ya kushonwa. Ndani ni vipande vya fulana za mivumba (mitumba), kama kilo moja na nusu, vilivyokatwa vidogo, bila zipu, vifungo wala lastiki. Uzi wowote mrefu kuliko kidole hutupwa. Uzi ndani ya utumbo wa paka hukunja utumbo wote kama kamba ya suruali, na hilo ni suala la upasuaji. Sponji haifai, kwa sababu hunywa mkojo na hukauka baada ya siku kadhaa. Nyasi kavu zinaleta kupe.

Watoto wa mbwa wanaoota meno, chini ya miezi 6 hivi, hawapewi vitanda vya tairi. Watatafuna mpira na kuumeza. Wao wanalala kwenye beseni pana lenye kitambaa.

Vitanda vya awali vimesharudi karakana kwa ukaguzi. Mikanda ya boda imeshika vizuri, ya baiskeli imeanza kupasuka kwenye matundu. Kuanzia sasa ni ya boda tu.

Kamba za kutembezea zinashonwa kwa mkanda wa nailoni wa milimita 25, urefu wa mita 1.8, kwa uzi wa fundi viatu, mshono wa mraba wenye msalaba katikati. Kila moja inapimwa kwa kuning'iniza jerikani mbili zilizojaa maji, kilo 40. Mbwa wa kilo 18 anayeruka ghafla huvuta kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake. Katani haitumiki, inachana viganja.

Julai: kadi na mizani

Kadi ya kila mnyama ina namba, jinsia, rangi na alama, tarehe ya kuingia, alikotoka, chanjo, dawa ya minyoo, kuhasiwa au kufungwa kizazi, na uzito. Kwa kukadiria umri wa mbwa mchanga, meno ndiyo kalenda. Mwenye meno ya utoto yaliyotimia yuko chini ya miezi 4 hivi, na chonge za ukubwani hutoka kwenye miezi 5 hadi 6. Hilo lina maana kwa chanjo, kwani ya kichaa hutolewa kwa kawaida kuanzia miezi 3 na kurudiwa baada ya mwaka. Wanafunzi hawachomi sindano na hawashiki chupa za chanjo, lakini wanaandika joto la friji asubuhi na jioni. Linatakiwa liwe kati ya nyuzi 2 na 8. Umeme ukikatika, kadi ya friji inamwambia daktari kama dozi zile bado zinaaminika.

Watoto wa mbwa na wa paka hupimwa kila siku saa ileile kabla ya kula, kwenye mizani ya jikoni, ndani ya bakuli lililopimwa kwanza. Asiyeongezeka leo anatazamwa. Anayepungua anaripotiwa papo hapo, bila kusubiri Jumamosi. Kazi hii inahitaji mtu wa kutwa anayeishi jirani, wa bweni hawaiwezi.

Dawa za kupe hazichanganywi na wanafunzi. Dawa ya kuogeshea ng'ombe si ya mbwa kwa kipimo cha kukisia, na permethrini inayomfaa mbwa humuua paka.

Agosti, likizo fupi

Wa kutwa pekee wameendelea. Unga ulitosha, Jik ilipungua.

Septemba, muhula wa tatu: shule za msingi

Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895. Klabu imeitumia kwenda shule za msingi jirani, kwa Luganda na Kiswahili. Watoto wadogo ndio wanaong'atwa kichwani na usoni, na jeraha la karibu na ubongo humfikishia mtu ugonjwa upesi zaidi.

Somo ni fupi na la vitendo. Mbwa asiyemjua akija, mtoto asimame kama mti, mikono kifuani, macho chini, asikimbie wala asipige kelele. Akiangushwa, ajikunje na kufunika shingo na masikio. Mbwa anayekula, anayelala au mwenye watoto haguswi. Kisha kuosha jeraha: beseni, jerikani, sabuni, na wimbo unaoimbwa kwa kurudiarudia hadi dakika 15 zitimie. Mwanafunzi wa sekondari hufundisha hili vizuri kuliko mtu mzima, watoto humwiga bila kuombwa.

Kwa wazazi ujumbe ni mmoja: mlete mbwa kwenye chanjo ya halmashauri ikitangazwa. 70% ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kuwaua mbwa wa mtaani hakufiki huko, kwa kuwa waliochanjwa hufa pamoja na wasiochanjwa na nafasi hujazwa na wengine.

Watoto wa msingi wakishajua kuna klabu ya wanyama, huleta kila kitu: bundi, kobe, mtoto wa tumbili. Kituo cha mbwa hakiwezi kuwapokea, na kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2019. Hao ni wa mamlaka ya wanyamapori, UWA. Kule Entebbe, kituo cha elimu ya wanyamapori, UWEC, kilichoanza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima, wana vizimba na wataalamu. Kazi ya mwanafunzi ni kumweka mnyama kwenye boksi lenye giza na matundu, bila kumlisha, na mwalimu apige simu.

Oktoba: kuwatafutia mbwa kwao

Picha hupigwa asubuhi au jioni, kivulini, mpigaji akiwa amechuchumaa usawa wa macho ya mbwa. Mbwa mweusi huwekwa mbele ya ukuta mweupe, la sivyo huonekana doa lenye meno. Kusiwe na vyuma vya kibanda mbele. Maneno yawe ya kweli: "hapendi kuku" iandikwe waziwazi, maana mbwa anayerudishwa baada ya wiki mbili kwa sababu amekula kuku wa jirani ni mgumu kupata makao mara ya pili. Namba ya simu ni ya kituo, kamwe si ya mwanafunzi. Michango ya simu nayo huingia kwenye akaunti ya kituo moja kwa moja, na klabu haishiki fedha.

Watu wengi hapa bado humchukua mbwa kwa ajili ya kulinda geti tu, na humwona wa kienyeji kama asiyefundishika. Mjini Gulu, Comfort Dog Project ya The BIG FIX Uganda imewaunganisha manusura wa vita na mbwa walewale wa kienyeji, mtu na mbwa wakifundishwa pamoja. Mfano huo hutusaidia kuzungumza na familia.

Kwa mbwa waoga, kazi ya kugusa inayofaa vijana ni kutogusa. Kaa sakafuni ukimpa mgongo nusu, soma kitabu cha shule kwa sauti ya chini dakika 15, dondosha kipande cha mukene kila baada ya ukurasa, usimtazame machoni. Akikaribia, acha anuse. Mkono hupelekwa kidevuni, usipitishwe juu ya kichwa. Watoto wa mbwa wenye wiki 3 hadi 12 ndio wenye faida kubwa, kwani wanachokizoea kipindi hicho hawakiogopi baadaye. Lakini wasiomaliza chanjo hupokea wageni ndani ya kibanda chao tu, na wageni hao wawe wamevaa gambuti za kituo.

Mwisho wa Novemba: makabidhiano ya likizo

Shule zinafungwa hadi Februari, na mbwa hawana likizo. Wa S4 wako kwenye mitihani na hawahesabiwi tena kwenye zamu. Mpango uliokubaliwa: wa kutwa wanaoishi umbali wa kutembea wanashika mizani ya wachanga na kadi ya friji, zamu ya watu wawili wawili, mtu mzima wa kituo akiwepo. Vibanda vinabaki kwa wafanyakazi, kwa hiyo matandiko ya akiba yamefuliwa na kukaushwa juani yote kabla ya kufunga, mito miwili kwa kila kitanda.

Unga haukununuliwa wa miezi miwili kwa pamoja. Stoo haina hewa ya kutosha na mvua bado zinanyesha, kwa hiyo muuzaji analeta mahindi ya wiki mbili mbili na kituo kinapima unyevu kwa njia ya chumvi: kijiko cha chumvi kavu na konzi ya mahindi kwenye chupa kavu iliyofungwa, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, mzigo unarudi. Njia hii ni ya mahindi mazima, kwa hiyo tumeacha kununua unga uliokwisha kusagwa. Mahindi yanapimwa, kisha yanapelekwa kinuni.

Yaliyobaki kabla ya Februari: mipira ya boda ya kufumia vitanda vinavyosubiri, rangi ya kuchora upya alama za lita 10, fomu mpya za wazazi kwa S1 watakaopanda S2, na mizani ya pili ya jikoni, ya zamani imeanza kusoma gramu 20 pungufu.